Kostiki Haina Nyongeza

Jumamosi iliyopita tulikutana chumbani kwa Mama Mwende, pale Makongeni, Nairobi, watu kama ishirini katika chumba kilichojengewa watu wanne, kupanga mazishi yake. Mwenyekiti wa kamati, mzee aliyestaafu kutoka karakana ya reli, alikuwa na daftari magotini akikusanya mambo ya kuchapishwa kwenye karatasi ya mazishi: alizaliwa wapi, aliolewa na nani, ameacha nani. Alipofika kwenye majina akainua kalamu, akasema, "Na hapa kwenye mabano tuandike Mama Asidi. Mtaa mzima ulimjua hivyo. Tulimwita kwa upendo." Watu wakacheka kile kicheko cha matangani, cha kufunika mdomo kwa kiganja. Mimi sikucheka. Mtoto wangu Zawadi alikuwa amelala mgongoni, chai yangu ilikuwa imepoa, na hasira ilikuwa inanipanda kutoka visiginoni. Kwanza, jina lenyewe ni kosa la kemia. Mama Mwende alipika sabuni, sabuni hupikwa kwa kostiki, yale magadi makali yanayounguza, na kostiki si asidi. Ni kinyume chake kabisa, ukivikutanisha vinamalizana. Pili, mtu aliyestahili kuitwa jina hilo hakuwa kwenye chumba cha maiti. Alikuwa pale pale kwenye stuli, na mtoto mgongoni, akinywa chai ya marehemu.

Mwaka ninaousema ni ule niliokuwa kidato cha nne. Nina miaka ishirini na tano sasa, kwa hivyo si zamani sana, ila mtu ukishazaa kila kitu cha kabla ya mtoto kinaonekana cha enzi za mkoloni. Nilikuwa nikikaa kwa shangazi yangu, mlango wa tatu kutoka kwa Mama Mwende, na sitaeleza nilifikaje kwa shangazi; kila mtu Eastlands alifika kwa shangazi fulani. Shangazi aliuza maharagwe na mahindi kando ya barabara, alikuwa na watoto watano na redio moja isiyozimwa, na ukitaka kusoma humo ndani ilibidi usome kwa sauti kubwa kuliko mtangazaji. Ndipo nikahamishia vitabu vyangu kwa Mama Mwende. Chumba chake kilikuwa na pazia la maua lililokigawa mara mbili, huku kitanda, huku kila kitu kingine. Ukutani zilining'inia kalenda za miaka mitatu iliyopita kwa sababu picha zake zilikuwa nzuri. Mumewe alikuwa mchonga vinyago, na rafu ilijaa wale wanyama ambao aliona wana kasoro: twiga wa shingo fupi, kifaru asiye na pembe, simba mwenye uso wa mbuzi. "Hawa ndio walionibakia," Mama Mwende aliwaambia wageni. "Wazima wote wameenda kwa watalii." Palinuka vumbi la mbao, mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa wanayopika Wakamba na maharagwe mchana kutwa mpaka yalainike kama moyo wa nyanya. Sahani ya muthokoi ilikuwa inakuja kwenye kitabu changu bila kuombwa. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nakoroga sabuni.

Alipikia nyuma ya nyumba, karibu na mfereji wa pamoja, katika karai la chuma. Siku ya kwanza nilijitia bidii nikamletea sufuria kubwa ya shangazi. Akaninyang'anya kabla sijaitua chini. "Hii ni alumini. Kostiki itainywa, ubaki umeshika masikio yake. Halafu shangazi yako akupike wewe." Alinifundisha kwamba maji hayamwagwi juu ya kostiki, kostiki ndiyo inayonyunyizwa juu ya maji, polepole, ukiwa umeugeuzia upepo mgongo, na maji yatachemka yenyewe bila moto. Kipimo chake kilikuwa mkebe mmoja wa nusu kilo, umechakaa mdomo. Mikebe saba ya mafuta yaliyoyeyuka, mkebe mmoja wa kostiki. Kisha, baada ya yote, kijiko kimoja cha mafuta juu yake.

"Hicho ni cha nini?" nilimuuliza.

"Hicho ni nyongeza ya ngozi ya mtu."

"Na hiyo saba ulitoa wapi?"

Aliendelea kukoroga. "Nilianza na sita. Sita ikaniuma ulimi. Nikaenda tisa, tisa ikanipaka mafuta mkononi kama chapati. Nane ikawa nusu nusu, haitaki kuganda. Saba ikanyamaza."

Alikuwa anasema ulimi kwa maana ya ulimi kweli. Kila karai alilopika, likishaganda na kulala, alikata ncha kama ya kucha, akaigusisha ulimini, akafumba macho. Sabuni iliyozidi kostiki inauma kama ukiramba betri ya redio. Iliyo sawa haisemi kitu. "Imenyamaza," alisema, na hapo ndipo aliponipa kisu nikate. Hakuwahi kuuza sabuni ambayo hajairamba. Alikuwa ameishia darasa la tatu.

Shuleni kwetu, shule ya wasichana ya kutwa, mwalimu wa kemia tulimwita Bwana Moli, kwa sababu kila swali alilijibu kwa moli, kile kipimo cha wanakemia cha kuhesabu chembe, hata ukimwomba ruhusa ya kwenda chooni. Alikuwa mwalimu mzuri na mtu mwenye mdomo mbaya. Alituambia wazi kwamba wasichana wa huku wanahitaji kemia ya ugali tu, unga na maji. Lakini siku aliyotufundisha methani na klorini nilimsamehe nusu ya maneno yake. Alisema: hapa kuna gesi mbili, mwanga wa jua unazipiga, zinashikana. Methani ikiwa nyingi na klorini kidogo, utapata kitu kimoja, klorini moja imekaa mahali pa haidrojeni moja. Ongeza klorini, inaingia ya pili. Ongeza, ya tatu, na hiyo ndiyo klorofomu, dawa waliyokuwa wakimlaza nayo mgonjwa zamani wakimpasua. Ongeza tena, ya nne, na hiyo ni maji yaliyotumika na madobi wa kufua kikavu. "Vitu ni vile vile viwili," alisema, akigonga ubao kwa fundo la kidole. "Hakuna cha tatu kilichoingia. Swali la kuuliza kila mara ni moja: nani amezidi?" Niliandika hayo pembeni mwa kitabu, nikayapigia mstari. Nani amezidi. Nilifikiri juu ya nyumba ya shangazi, watoto watano na redio.

Wiki iliyofuata akaingia kwenye sabuni. Akaandika ubaoni mafuta upande mmoja, kostiki upande wa pili, na mbele ya kostiki akaweka tatu. Mafuta moja, kostiki tatu. Unapata sabuni tatu na glisarini moja. Nilikaa wima kama aliyeitwa jina. Kengele ilipolia nilitembea hadi Makongeni bila kumngoja rafiki yangu Truphena, nikamkuta Mama Mwende anachagua mawe kwenye maharagwe, nikamwambia kwa ile furaha ya mtu aliyesoma, "Mama, umekuwa ukikosea miaka yote. Kitabu kinasema kostiki tatu kwa mafuta moja."

Alitupa jiwe kando. "Hicho kitabu kimewahi kufua?"

"Mama, ni sayansi."

"Kostiki tatu kwa mafuta moja. Neke, mwanangu, hiyo si sabuni. Hiyo ni ya kuchunia ng'ombe ngozi." Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Mumewe akauliza kutoka upande wa pili wa pazia ni nini, naye akamwambia, "Msomi wetu anataka kuchuna watu," na mzee naye akacheka, na mimi nikakasirika, nikasusia muthokoi kwa dakika kama tano.

Kesho yake niliinua mkono darasani. Nikasema kuna mama mmoja Makongeni anapika kwa mafuta saba na kostiki moja, na sabuni yake ni nzuri, sasa nani mwongo. Wasichana wakacheka. Bwana Moli hakucheka. Alinirushia chaki, akasema njoo uhesabu hapa mbele ya watu. Basi nikahesabu. Moli moja ya kostiki ni gramu arobaini. Mara tatu, mia moja na ishirini. Moli moja ya mafuta ya ng'ombe, aliniambia niandike mia nane na sitini hivi. Nikagawanya mia nane na sitini kwa mia moja na ishirini. Ikatoka saba. Saba na kidogo.

Nilisimama pale na chaki. Tatu kwa moja ni kuhesabu vichwa, kama kuhesabu watu mlangoni. Saba kwa moja ni kuwapima uzito, na mafuta ni mtu mzito. Kitabu na Mama Mwende walikuwa wanasema kitu kimoja kwa mizani mbili. Na ile "kidogo" iliyobaki baada ya saba ilikuwa kile kijiko chake, nyongeza ya ngozi ya mtu. Bwana Moli aliuliza, "Nani alimfundisha huyo mama?" Nikasema hakuna. Alisema, "Kaa chini," lakini hesabu ile hakuifuta. Ilikaa ubaoni siku mbili, mpaka mwalimu wa historia alipohitaji nafasi. Mama Mwende nilipomweleza alisema tu, "Kwa hivyo kitabu kimenyamaza," akanijazia sahani.

Ningependa kuishia hapo. Mwaka ule ungekuwa mtamu.

Muhula wa pili shemeji yake Mama Mwende alifariki, naye Mama Mwende akasafiri Machakos na familia nzima kwa siku nne. Kulikuwa na mteja wake soko la Gikomba, muuza mitumba, ambaye hununua sabuni ya kufulia mashuka meupe kabla hajayatandaza, na siku ya kumpelekea ilikuwa imekaribia. Akaniachia ufunguo. "Utapika karai moja. Ile ya zamani iliyo chini ya kitanda unaweza kuuza. Hii mpya usiguse mpaka nirudi niirambe." Nikasema ndiyo mama. Nilikuwa na mtihani wa majaribio wiki ile, na kichwa changu kilikuwa kimejaa kila kitu isipokuwa kile mkono wangu ulichokuwa ukifanya.

Sasa mtu ambaye hakukulia kwenye maharagwe hatanielewa, kwa hivyo nieleze. Kwetu kipimo kina kichwa. Ukimpimia mtu maharagwe kwa mkebe, unajaza mpaka juu, unaendelea mpaka kilima kisimame na punje zianze kuteleza, halafu unachota mkono mmoja unamtilia kwenye mfuko, na hiyo ndiyo nyongeza. Ukisawazisha mkebe kwa kiganja, mteja anakutazama kama mwizi. Shangazi alinipiga kofi nikiwa na miaka tisa kwa kupima bapa. "Kipimo bapa ni cha mchoyo," alisema, na mkono wangu haukusahau tena. Mama Mwende alikuwa akisawazisha kostiki kwa kisu kila siku mbele yangu na sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilidhani ni kwa sababu kostiki ni ghali. Siku ile nilijaza mikebe saba ya mafuta. Mafuta hayana kichwa. Yanajaa, yakizidi yanamwagika. Halafu nikachota kostiki, na mkono ukafanya ulichofundishwa, ukaisimamishia kilima kizuri, cheupe, cha adabu. Mimi niliyekuwa nimegawanya mia nane na sitini kwa mia moja na ishirini mbele ya darasa zima. Kichwa kilijua, mkono haukujua.

Sabuni iliganda haraka, ngumu na nyeupe kuliko ya Mama Mwende, na nikajisifu. Asubuhi yake Mama Brayo alikuja. Alikuwa mke wa dereva, mrefu, mwenye sauti ya kusimamisha garimoshi, na mgongoni alikuwa na Brayo, mtoto wa miezi minne. Alinunua vipande vitatu vya ile ya zamani. Nami nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nafunga macho. Nilikata kipande cha ile mpya, nikakiweka juu ya vile vitatu. "Hii ni nyongeza, Mama Brayo. Ni ya mkono wangu."

"Eh, msomi," akasema. "Ubarikiwe, usome mpaka utupite."

Mama Mwende alirudi siku mbili baadaye, alasiri. Hata kitambaa cha safari hakuwa amekitoa kichwani. Aliuliza karai liko wapi, akakata ncha, akaigusisha ulimini. Akatema. Akatema tena, akasukutua kwa maji, akaniangalia. Alichukua mkebe, akaugeuza, akaona unga mweupe umeshika kwa nje, chini ya mdomo, mahali ambapo unga hufika tu kilima kikiporomoka. "Ulijaza kichwa," alisema. Nikaitikia kwa kichwa. "Kuna uliyemuuzia?" Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu sauti ya Mama Brayo ilipoingia kabla yake mwenyewe.

"Mama Mwende. Toka nje. Toka uone mapaja ya mtoto."

Mfereji ulikuwa umekauka wiki ile, kama kawaida. Alikuwa amefua nepi kwa ile sabuni na kusuuza mara moja tu, kwa ndoo moja. Mapaja ya Brayo yalikuwa mekundu, na mahali pawili ngozi ilikuwa imeinuka kama ya maziwa yaliyochemka. Mama Mwende alimchukua mtoto, akafungua mtungi wa maji ya kunywa, akamwagia mapaja yale maji polepole, yote, mpaka mtungi ukawa mwepesi. Majirani walikuwa wameshajaa ua.

"Umeweka nini kwenye sabuni?"

"Kostiki imezidi."

"Kostiki gani. Hii ni asidi. Umemmwagia mtoto wangu asidi, mama mzima, unayemwomba Mungu."

"Ni mimi," Mama Mwende akasema. "Niliipika haraka kabla sijasafiri. Macho yangu si ya jana. Huyu msichana alikupa bila kujua."

Mimi nilikuwa nyuma ya lile pazia la maua, na mwiko mkononi. Mdomoni nilikuwa na maneno manne: si yeye, ni mimi. Hayakutoka. Niliyasikia yakigonga meno. Mama Mwende alijifunga leso akaenda na Mama Brayo zahanati, wakapanga foleni pamoja, wakarudi na dawa ya kupaka, na baada ya wiki mbili mapaja ya Brayo yalikuwa yamepona bila kovu. Jina halikupona. Jioni ile ile watoto wa mtaa walikuwa tayari wamelipokea, wakimsalimia mama kwa Sheng: "Niaje, Mathe Asidi." Wamama watatu walirudisha sabuni ambayo ilikuwa ya zamani, nzima kabisa, iliyorambwa. Mwingine hakurudisha, alimtupia mlangoni.

Nilidhani atanifukuza. Kesho yake alasiri alinikuta nje ya mlango, akasema, "Unasimama nini hapo kama mgeni? Ingia. Lete hesabu." Karai zima lilikuwa limekaa pale, na mafuta ya watu hayatupwi. Aliuliza, "Kostiki imezidi kiasi gani?" Nikasema sijui. "Basi uliza mkono wako." Akanipa mkebe, akasema nichote kama nilivyochota siku ile, bila aibu. Nikachota, nikaisimamisha. Kisha nikatoa rula yangu ya shule kwenye mkoba, ya mbao, niliyochonga jina langu kwa wembe, nikailaza juu ya mdomo wa mkebe na kuiburuta. Kilichoanguka kwenye gazeti tulikipima kwa kijiko kikubwa. Vijiko sita. Tuliinama juu ya vijiko vile sita kama watu wanaotazama mtoto mchanga, na nikaona jibu lote, na naye akaliona, tukasema karibu kwa pamoja: "Kichwa mara saba." Sita mara saba, vijiko arobaini na viwili vya mafuta. Tuliikwaruza sabuni yote, tukairudisha karaini na maji kidogo juu ya moto mdogo, tukaongeza vile vijiko arobaini na viwili vya mafuta, mimi nikihesabu kwa sauti, naye akaongeza kile chake kimoja cha ngozi ya mtu. Tulikoroga kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi. Siku ya tatu akakata ncha. Akafumba macho. Halafu akanipa nami ncha yangu, kwa mara ya kwanza, nikaiweka ulimini. Haikusema kitu. Nililia, na yeye akasema, "Usilie juu ya sabuni, utaitia chumvi."

Nilimwambia nitaenda kwa Mama Brayo kusema ukweli. Akasema, "Utaenda. Fanya mtihani kwanza." Nikafanya mtihani. Kemia nilipata C ya kujumlisha, haikunipeleka popote, na Bwana Moli alikuwa sahihi kuhusu ugali, mlaaniwa yule. Kisha nikasema nitaenda baada ya matokeo. Kisha nikahamia Ziwani, nikaanza kuuza nguo za watoto Gikomba, kisha Zawadi, na babake Zawadi aliyejigeuza upepo. Kila nilipokwenda kumsalimia Mama Mwende nilikuta sahani, na kila nilipotoka nilisikia mtu mlangoni akimwita Mama Asidi, naye akiitika. Alikuwa akiuza Gikomba tu, kwa watu wasiomjua. Makongeni walichukua miaka miwili kurudi kwenye sabuni yake, na waliporudi walirudi na jina. Watu wanadhani woga ni kitu kikubwa, kwamba unausikia ukija. Wangu ulikuwa mdogo sana. Ulikuwa ni kusema kesho.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi. Mwenyekiti alikuwa ameshaandika M ya Mama. Nikasimama. Zawadi akaamka, akaanza kulia, na nikasema juu ya kilio chake, pengine kwa ukali kuliko nilivyokusudia: "Usiandike hiyo. Asidi haihusiki. Ilikuwa kostiki, na aliyeijaza kichwa ni mimi. Mama Mwende hakuwepo. Alikuwa Machakos kwenye kilio."

Mama Brayo alikuwa amekaa kitandani, karibu na Mwende, bintiye marehemu. Sauti yake imepungua siku hizi, ila bado inafika. "Keti, Mama Zawadi," alisema. "Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Ile sabuni uliyonipa ilikuwa bado na joto. Nikaiweka kwenye mfuko wa leso, ikanipasha nyonga. Mama Mwende alikuwa amesafiri siku mbili. Sabuni ya siku mbili inapata wapi joto? Mimi sikusoma kemia, lakini siku nazijua kuhesabu."

Nikamkaza Zawadi mgongoni. "Kwa hivyo ulijua, na ukamwita Asidi miaka saba."

"Jina lilinitoka siku ile uani, kabla sijafikiri. Joto nililikumbuka foleni ya zahanati. Nikamuuliza pale pale kwenye benchi. Akaniambia, 'Mama Brayo, mimi nina mume na karai. Yule ana mtihani tu. Mwache apite.' Akaniapisha." Alijifuta pua kwa ncha ya leso. "Nilikwenda kuwanyamazisha watoto wa mtaa. Unawajua watoto. Ukiwaambia wasiseme kitu ndio umewafundisha. Nimemwomba msamaha kila Krismasi. Anasema, 'Hata kitabu kiliwahi kukosea.' Sikujua maana yake."

Mimi nilijua: ile tatu kwa moja. Niliketi. Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, alikuwa ameshikilia kalamu hewani. "Sasa niandike nini hapo?" Mwende, ambaye ni karani na ana mazoea ya karatasi, akasema, "Kata hiyo M. Andika jina lake." Akaikata.

Watu walipokuwa wakitafuta viatu mlangoni Mwende aliingia chini ya kitanda, akatoka na mkebe, ule ule wa mdomo uliochakaa. "Mama alisema huu ni wako. Sijui kupika, na mzee hawezi peke yake." Ndani ya mkebe kulikuwa na kijiko, kisu kidogo, na rula yangu ya mbao. Muhula ule wa mwisho niliitafuta kila mahali. Nilimshuku Truphena, nikamnunia mpaka tukamaliza shule. Truphena, popote ulipo, samahani. Kumbe kila karai kwa miaka saba Mama Mwende alikuwa amesawazisha kostiki kwa rula yangu. Upande mmoja mbao umekuwa mweusi na wenye nyuzi nyuzi kama mkia, namba za mwanzo zimeliwa zote. Upande wa pili bado unasomeka, na jina lipo: NEKESA, na S iliyogeuka.

Zawadi alinyoosha mkono akaitaka. Nilimnyima. Akalia, akaitaka tena, na mimi nikaipeleka kwenye jerikeni ya Mama Mwende iliyokuwa mlangoni, nikaiosha na kuiosha tena, nikagusisha ncha iliyoliwa ulimini mwangu. Ilikuwa imenyamaza. Ndipo nikampa, kwa upande wenye jina.